Bonde la mto Lot, Ufaransa: hatua kwa hatua, bila gari

Jamaa zangu wanaokuja Ulaya kwa mara ya kwanza huitaka Paris, na siwalaumu. Wakija mara ya pili ndipo hunisikiliza, nami huwachukua kutoka hapa Toulouse ninapoishi hadi bonde la mto Lot. Humo mna pango lenye michoro ya miaka kama 29,000, daraja la karne ya 14, kijiji kilichong'ang'ania ukingoni mwa genge, na njia ya miguu iliyochongwa ndani ya jabali lenyewe. Vyote viko karibu karibu, na hakuna hata kimoja kinachokulazimisha kukodi gari. Unachohitaji ni mpangilio, na mpangilio huo unaanzia kwenye tiketi moja.

Hatua ya 1: Kata tiketi ya pango kabla ya chochote

Pango la Pech Merle, lililo juu ya kijiji cha Cabrerets, ni mojawapo ya mapango machache Ufaransa yenye michoro ya kale ambako mgeni huingia kwenye pango halisi. Lascaux, ambalo ni mashuhuri zaidi, lilifungwa kwa umma mwaka 1963 kwa sababu pumzi za watalii zilikuwa zinaiharibu michoro. Anayekwenda huko leo anaonyeshwa nakala. Pech Merle wameamua kujihami mapema: hawapokei zaidi ya watu 700 kwa siku, na watu huingia kwa vikundi vidogo wakiwa na mwongozaji. Kwa hiyo Julai na Agosti nafasi huisha haraka. Nunua kwenye intaneti wiki kadhaa kabla, na uangalie tarehe zao, maana wakati wa baridi pango hufungwa.

Chagua zamu ya mchana ili asubuhi ubaki na muda wa basi na wa kutembea. Tiketi ikiandikwa 14h30, hiyo ni saa nane na nusu mchana kwetu. Kama wewe ni mtu wa kuchanganya saa, andika ya Kiswahili pembeni. Ukishakuwa na siku na saa ya pango, ndipo upange malazi, treni na mengineyo kuizunguka.

Hatua ya 2: Chagua msimu na mahali pa kulala

Mei, Juni na Septemba ndiyo miezi ninayoipendekeza. Katikati ya kiangazi jua ni kali na Saint-Cirq-Lapopie, kile kijiji cha ukingoni mwa genge, hujaa watu hadi vichochoro vinaziba. Kuna sababu moja tu ya kwenda mwishoni mwa Julai: mji mdogo wa Cajarc, huko huko bondeni, una tamasha la tamaduni za Afrika liitwalo Africajarc, lililoanza mwaka 1999. Kusikia ngoma za Afrika kando ya mto wa mashambani Ufaransa ni jambo la kufurahisha, lakini weka nafasi ya kulala mapema sana.

Kuanzia Septemba hadi Februari ni msimu wa uwindaji, hasa Jumapili. Ukitembea porini miezi hiyo vaa nguo ya rangi inayoonekana kwa mbali, ya machungwa au nyekundu. Kahawia na kijani ziache nyumbani.

Usiku wa kwanza lala mjini Cahors, ambako treni inafika. Kutoka Toulouse ni kama saa moja na nusu, na treni za kutoka stesheni ya Austerlitz mjini Paris pia zinapita hapo. Usiku unaofuata lala katika vijiji vya Bouziès, Cabrerets au Saint-Cirq. Njia hizi hupitwa na mahujaji wa Kikatoliki waendao Santiago de Compostela, Hispania, kwa hiyo zipo nyumba za kulala wasafiri ziitwazo gîte d'étape: kitanda cha bei nafuu, chumba cha pamoja, na mara nyingi chakula cha jioni mezani na wageni wengine.

Hatua ya 3: Funga begi

Viatu vyenye soli inayoshika, ramani ya IGN (taasisi ya ramani ya Ufaransa) ya kipimo cha 1:25,000, na sweta. Sweta ni ya pangoni, maana humo ni nyuzi kama 12 mwaka mzima, hata nje kukiwa na joto la 35.

Maji yanahitaji maelezo. Uwanda wa juu ya bonde, wanaouita causse, ni jiwe la chokaa tupu. Mvua ikinyesha inazama papo hapo na kupotelea chini kwa chini, ndiyo maana unaweza kutembea kutwa nzima huko juu usikute kijito hata kimoja, ilhali mto unapita mita mia moja chini ya miguu yako. Beba lita mbili kwa kila mtu. Ukirudi kutoka matembezini jikague kupe, hasa nyuma ya magoti na kwenye mapaja.

Chakula nacho kina ratiba yake. Migahawa ya vijijini hupika saa sita hadi saa nane mchana, kisha jiko linazimwa na hakuna wa kumbembeleza. Mikate nunua asubuhi. Asiyekula nguruwe aulizie "lardons", vipande vya nyama ya nguruwe vinavyojificha hadi ndani ya saladi. Jibini ndogo za mbuzi za Rocamadour, za duara na bapa, zinabebeka vizuri na zinatosha kwa mkate wa njiani. Na kabla ya kuuliza chochote dukani, sema "bonjour". Sisi tuliolelewa kwa shikamoo hatupaswi kufundishwa hilo, ila watu wakiwa ugenini husahau.

Hatua ya 4: Nusu siku Cahors

Mji umezungukwa na mto pande tatu. Toka stesheni uende moja kwa moja daraja la Valentré. Ujenzi ulianza mwaka 1308 na ukachukua miaka mingi, na lina minara mitatu ya ulinzi. Wenyeji husimulia kwamba mjenzi, akiwa amechoshwa na kazi kusuasua, alimwahidi shetani roho yake kama angemtimizia kila agizo. Daraja lilipokaribia kwisha, akamwagiza akachote maji kwa chekeche. Shetani akashindwa, na kwa hasira kila usiku akawa anang'oa jiwe moja la juu ya mnara wa kati. Mwaka 1879, daraja lilipokarabatiwa, waliweka pale kinyago kidogo cha shetani aking'ang'ana na jiwe. Simama katikati ya daraja, tazama juu kwenye pembe ya mnara huo. Bila kukitafuta hukioni.

Ng'ambo ya daraja kuna chemchemi ya Chartreux, maji ya kijani-buluu yanayofoka chini ya jabali. Ni yale yale yaliyozama huko juu, na mji wa Cahors unayanywa hadi leo. Kama ni Jumatano au Jumamosi asubuhi, pitia soko la mbele ya kanisa kuu la Saint-Étienne.

Hatua ya 5: Basi hadi Bouziès, kisha Pech Merle kwa miguu

Basi la mkoa, la mtandao wa liO, linalokwenda Figeac hufuata mto na kusimama jirani na Bouziès. Jumapili na sikukuu mabasi hupungua mno, hivyo tazama ratiba ya siku yako hasa. Karibu na hapo mto Célé unaingia Lot. Fuata bonde la Célé kwenda Cabrerets, kisha upande kilimani hadi pangoni. Jipe saa mbili kamili pamoja na kupumzika.

Alama za njia kuu ni mistari miwili iliyopakwa kwenye miti na mawe, mweupe juu na mwekundu chini. Njia ndogo za mzunguko zina mstari wa njano. Ukikuta rangi hizo zimechorwa kama msalaba wa X, umekosea njia. Rudi hadi alama ya mwisho uliyoiona, usijaribu kukata msituni.

Pango liligunduliwa mwaka 1922 na vijana wa hapo, André David na Henri Dutertre, waliokuwa wakichochewa na padri wa Cabrerets, Amédée Lemozi, mpenzi mkubwa wa mambo ya kale. Picha haziruhusiwi, basi tumia macho. Mbele ya farasi wawili wenye madoa, anza na yule wa kulia: ukingo wa jiwe lenyewe una umbo la kichwa cha farasi, na mchoraji aliliona umbo hilo kwanza, ndipo akauchora mwili kuufuata mwamba. Kisha tazama alama za viganja, zenye rangi nyeusi pembezoni, zilizowazunguka. Mtu aliweka kiganja ukutani na rangi ikapulizwa juu yake. Mtafiti Michel Lorblanchet alijaribu mwenyewe kwa kutafuna makaa na kuyatema ukutani, akaweza kuwachora upya farasi hao kwa njia hiyo. Kwa muda mrefu wataalamu walibishana kama madoa yale yalikuwa ya kweli au ya kiibada tu. Mwaka 2011 uchunguzi wa vinasaba vya mifupa ya farasi wa kale ulionyesha kuwa farasi wa madoadoa walikuwepo kweli Ulaya enzi hizo. Mchoraji alichora alichokiona.

Kabla ya kutoka utaonyeshwa nyayo za binadamu, za mtoto au kijana, zilizoganda kwenye udongo uliogeuka jiwe. Muulize mwongozaji kama wamezipita, maana kikundi kikiwa na haraka watu huzitupia jicho tu.

Hatua ya 6: Njia ya jabalini hadi Saint-Cirq-Lapopie

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, na ni fupi: kilomita nne au tano. Vuka daraja jembamba la Bouziès, kisha ufuate GR 36, mojawapo ya zile njia kuu za alama nyeupe na nyekundu, kuelekea mto unakotoka, maji yakiwa kushoto kwako. Baada ya muda ukingo unakwisha. Genge linaingia majini wima, na hapo ndipo njia inapopenya ndani ya jabali kama ubavu wa mlima uliolambwa.

Ilichongwa miaka ya 1840. Mashua za kubeba mizigo, zikiwemo za mvinyo wa Cahors uliokuwa ukienda Bordeaux, ziliporudi juu zilibidi zikokotwe kwa kamba kutoka nchi kavu, na hapa hapakuwa na nchi kavu. Basi wakatindua mwamba kwa urefu wa mamia ya mita. Reli ilipofika bondeni mwishoni mwa karne ile, kazi ya mashua ikafa. Pitisha mkono ukutani, utahisi alama za patasi. Mbele kidogo mchongaji wa siku hizi, Daniel Monnier, amechonga samaki na makombe ya majini kwenye mwamba huo huo. Mtu mrefu ainamishe kichwa mahali mahali, na mvua ikiwa imenyesha mawe ya chini huteleza.

Saint-Cirq yenyewe ipande asubuhi mapema, kabla mabasi ya watalii hayajafika. Mafundi wa hapa walikuwa wakikereza mbao, hasa bilula za mapipa ya mvinyo, na milango mipana ya karakana zao bado ipo kwenye nyumba za mawe. Mwaka 1951 mshairi André Breton alinunua nyumba hapa. Panda hadi kwenye magofu ya ngome juu kabisa, uuone mto unavyojikunja mita kama mia moja chini. Kurudi Cahors, teremka, vuka daraja hadi Tour-de-Faure, basi linapita barabara kuu.

Hatua ya 7: Ukiwa na siku tatu au nne zaidi

Fuata GR 651 kupandisha bonde la Célé: Marcilhac na abasia yake (makao ya watawa) iliyobaki nusu bila paa, Espagnac, kisha Figeac. Huko alizaliwa mwaka 1790 Champollion, aliyefumbua maandishi ya Wamisri wa kale. Karibu na nyumba yao uwanja mzima umetandazwa nakala kubwa ya Jiwe la Rosetta, lile lililomsaidia kuyafumbua, na watu wanatembea juu yake. Figeac ina stesheni ya treni. Simu ya dharura kote njiani ni 112, lakini mtandao hukatika kati ya magenge, hivyo mwambie mwenye nyumba ya wageni unakoelekea kabla hujatoka.