Kundi la nyuki likitua juu ya mti, usikimbilie ngazi

Mwembe wa uani umebeba fungu la nyuki kubwa kama debe, mita kumi kutoka chini, na tayari kuna kijana amevua viatu ili apande. Mshushe kwanza huyo kijana. Watu huogopa kuumwa, lakini katika kazi hii hatari kubwa zaidi ni kuanguka: mtu aliye tawini akidungwa mara tatu usoni huachia mikono.

Kundi lililojitundika tawini bila masega liko safarini. Mzinga au pango walilotoka lilijaa, malkia mzee akaondoka na karibu nusu ya vibarua, mara nyingine zaidi, kila mmoja akiwa amejaza asali tumboni. Wametua hapo huku wapelelezi wakizunguka kutafuta tundu la kuhamia. Wapo wanaoondoka baada ya saa chache, wengine hukaa siku mbili tatu. Kwa hiyo kama huna haja ya nyuki, waache. Ondoa watoto, fungua mbuzi na ng'ombe waliofungwa karibu na mti (mnyama aliyefungwa kamba hana pa kukimbilia), kisha subiri. Kuwasha matairi chini ya mti, kupiga mawe au kupulizia sumu ya dukani huwageuza nyuki watulivu kuwa hatari kwa mtaa mzima, na sumu hiyo inaua wachavushaji wa maembe yako mwenyewe.

Kabla ya kuamua lolote, simama mbali uangalie vizuri. Ukiona masega yananing'inia katikati ya nyuki, hao wamekwisha kuhamia. Wana watoto na chakula cha kulinda, nao hawatakuwa wapole. Hapo mwite afisa nyuki wa wilaya au mrina mwenye mavazi na uzoefu. Chukua tahadhari pia na kundi lililokimbia moto, ukame, siafu au nyegere, au lililokaa tawini siku kadhaa hadi akiba ya tumboni ikaisha. Nyuki mwenye njaa hana subira.

Anayetaka kuwafuga ajifunze kwa wafugaji wa Tabora na Sikonge, magharibi mwa Tanzania, ambao tangu zamani hutundika mizinga mitupu mitini na kuwaacha nyuki waje wenyewe. Kundi likiwa juu sana, hiyo ndiyo njia ninayoiamini kuliko kamba na ngazi. Chukua mzinga mkavu, au hata sanduku la mbao la lita 20 hadi 40, lisilo na nyufa, lenye mlango mdogo. Yeyusha nta safi, pakaza mstari mwembamba katikati ya kila kijiti cha juu, yaani kipande cha mbao ambacho nyuki hutundika masega yao; kwa nyuki wetu kijiti kiwe na upana wa milimita 32, la sivyo watajenga masega yakipishana. Sugua gundi ya nyuki (ile wanayozibia nyufa za mzinga) mlangoni ukiwa nayo. Majani ya mchaichai yaliyopondwa husaidia pia, kwa kuwa harufu yake inakaribiana na ile wanayotoa nyuki wanapoitana. Masega ya zamani yenye nondo usiyaweke. Mdudu huyo ataingia pamoja na wageni wako.

Tundika mzinga huo kwa waya, kivulini, mita mbili tatu kutoka ardhini, mahali utakapofikia bila sarakasi, na upake grisi kwenye waya ili sisimizi wasipite. Kisha tazama mlango. Nyuki wachache wakiingia, wakitoka, wakitembea juu ya ubao kana kwamba wanakagua, hao ni wapelelezi. Idadi yao ikiongezeka, huenda kundi likashuka lenyewe. Inawezekana pia wakachagua pango la mbuyu wa jirani, na hilo huwezi kulizuia.

Tawi likiwa la chini, unaweza kulitikisa. Vaa mavazi kamili, uwe na mwenzako na bomba la moshi, jioni jua likiwa limepungua. Wanyunyizie maji kidogo, weka sanduku chini ya fungu, tikisa kwa nguvu mara moja. Malkia akiwa ndani, utaona vibarua mlangoni wameinua matako juu wakipepea mbawa kuwaita wenzao. Wakirudi wote tawini, malkia amebaki huko. Na kama mti uko karibu na nyaya za umeme, usiguse kitu. Toa taarifa kwa shirika la umeme.

Ukitaka kuhamisha mzinga, fanya hivyo usiku wa siku ileile waliyoingia, kabla hawajazoea njia. Wakishakaa wiki, ukiusogeza mita mia mbili tu, wengi waliokwenda malishoni watarudi mahali pa zamani.

Nyuki wetu huhama upesi wakisumbuliwa, kwa hiyo usifungue mzinga wiki mbili za mwanzo. Kama maua ni machache, wape maji ya sukari, kilo moja kwa lita moja ya maji, jioni, ndani ya mzinga ili nyuki wa mizinga mingine wasivutiwe kuja kuiba. Ukiona vibarua wanaingia na chavua miguuni siku baada ya siku, kwa kawaida malkia anataga, na hapo unaweza kuinua kijiti cha pembeni ukague kama masega yamenyooka.