Namna ya kuangalia michezo ya kuigiza ya Kichina ya mapenzi ya mbinguni bila kupotea njiani

Usiku mmoja tumekaa ukumbini hapa Wete tunachambua karafuu, jamvi limejaa, bibi na makonyo yake upande wa kulia, mie simu nimeiegemeza kwenye chupa ya chai mchezo unakwenda, mara bibi kanyanyua kichwa kaniuliza, "Mjukuu wangu, huyu mwanamke si ndo yule kajirusha jana kafa? Mbona leo yu hai tena anakula matunda?" Nikacheka mpaka karafuu zikanimwagika. Lakini suali lake ni la haki kabisa, na nnajua watu wengi sana wanaiacha michezo hii epi, yaani sehemu, ya tatu au ya nne, si kwa kuwa mibaya, wamepotea tu, hawajui nani mungu nani jini nani mtu, kafa kweli au kafa kidogo. Sasa nawaandikia nilivyomfundisha bibi, mana'ke yeye sasa hivi ananishinda mie.

Kwanza jina. Aina hii ya mchezo Wachina wanaiita xianxia. Hiyo xian ndo wale watu waliojitahidi mpaka wakavuka umauti, na maandishi yake ya Kichina yamechorwa mtu ubavuni mwa mlima, yaani mtu aliyepanda mlimani akakaa huko. Xia ni shujaa. Usichanganye na wuxia, ile ni ya mapanga na watu wa kawaida wanaoruka juu ya mapaa, wakifa wamekufa. Huku kwenye xianxia kufa ni safari.

Na hapa ndo penye ufunguo wa kila kitu, ukishika hili moja mengine yatakuja yenyewe. Kuna neno lao, jie, utaliona kwenye maandishi ya chini limetafsiriwa kila namna. Sie tuna neno lake zuri kuliko Kiingereza: mtihani. Si mtihani wa skuli, mtihani ule mtu akifiwa, akifukuzwa kazi, mwana akiumwa, tunasema "mtihani huu". Kwenye hadithi hizi, zilizotokana na imani ya Kitao, dini ya zamani ya Wachina, anayetaka kupanda daraja lazima apite mitihani, mingine radi zinampiga kutoka mbinguni moja baada ya moja, na kwenye michezo hii ya mapenzi mtihani mkubwa unaitwa qingjie, mtihani wa mapenzi. Mtu anashushwa duniani, anasahaulishwa yeye nani, anazaliwa, anapenda, anaumizwa, anafa, halafu anarudi juu kakumbuka yote na cheo kimepanda. Basi ukimuona steringi kafa epi ya 15 na umebakiwa na epi 40 usilie, huo ni mtihani tu unamaliziwa. Nilipomwambia bibi hivyo kasema "Aa, kumbe yuko kwenye mtihani," karudi kwenye karafuu zake, hakuuliza tena.

Kuanza anza na upi? Wengi wanakwambia anza na ule wa 2017 wa mapichi, Eternal Love, epi 58, ndo uliowaingiza watu wengi. Mie nasema usianze nao. Mzuri, namlilia steringi wake wa kike, Bai Qian, mpaka leo, lakini unaanza mwanamke kajifanya mwanamme anasoma kwa mwalimu mlimani Kunlun kwa jina jengine, halafu anakuwa mtu wa duniani na jina la tatu, halafu anakunywa dawa ya kusahau anarudi la kwanza, mgeni hawezi. Anza na Love Between Fairy and Devil wa 2022, epi 36 tu, kijifairy cha ua la okidi kidogo kidogo kinamfungua kwa bahati mbaya mfalme wa kutisha aliyefungwa, halafu wanabadilishana miili, yeye mwili wa yule baba mzima anaanza kulia kwa sauti nzito. Mbavu utashika. Na humo humo utajifunza bila kujua, mana'ke yule msichana kazi yake ni kwenye afisi ya Siming, yule mkubwa anayesimamia vitabu vya majaaliwa ya watu.

Ukimaliza huo nenda Ashes of Love wa 2018. Huu epi sitini na kitu, usiogope. Msichana kalishwa kidonge na mama yake siku aliyozaliwa ili asijue mapenzi maisha yake yote, sasa watoto wawili wa mfalme wa mbinguni wote wanampenda, mmoja ndege finiksi mmoja joka, na yeye anawaangalia tu kama anaangalia ukuta. Siku ya mwanzo kaokota yule finiksi kaungua akadhani kunguru. Kunguru! Kama hawa wetu wa Darajani.

Mbinguni kwao, hebu nikueleze hapa kwa utulivu, kwani ndo palipomshtua bibi. Kila mtu kwenye maandishi anaitwa "god", bibi kaona miungu kumi na mbili imekaa mezani inagombana kasema astaghfirullah zima hicho kitu. Nikamwambia bibi hao si kama unavyofikiri, hawa wana vyeo. Ni serikali kamili ile. Kuna mfalme juu, chini yake kila mtu na afisi yake: wa radi, wa mvua, wa maua, wa majaaliwa, wa ndoa, wanaandika mafaili, wanapelekana mahakamani, wanaogopa kufukuzwa. Wachina wa zamani walitawaliwa na makarani miaka na miaka na mbingu yao wakaitia makarani. Chukulia kama hekaya za Alfu Lela Ulela na wafalme wa majini, ndo utaangalia kwa raha. Kwa kawaida ulimwengu umegawika hivi: juu mbinguni, kati watu, chini kwenye roho za wafu, na pembeni wanaoitwa mo, wale wa giza ambao mara nyingi steringi mzuri ndo anatokea huko, na wanaoitwa yao, wanyama na maua na mawe yaliyokaa mamia ya miaka mpaka yakapata umbo la mtu.

Hao wa mwisho ndo watamu. Mbweha mweupe wa mikia tisa wa Qingqiu, yule Bai Qian, katoka kwenye kitabu cha zamani sana kinaitwa Shan Hai Jing, sura 18, kimekusanywa zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, kitabu cha milima na bahari na viumbe vya ajabu. Sasa sikiliza kilivyomuandika: kwenye mlima wa Qingqiu yupo mnyama kama mbweha, ana mikia tisa, sauti yake kama mtoto mchanga, na anakula watu. Basi. Hana gauni jeupe wala jicho la huruma. Baadae watu wakamfanya alama ya kheri, kuna hekaya ya Yu, yule aliyezuia mafuriko, kamuona mbweha mweupe wa mikia tisa ndo akaoa. Halafu ikaja riwaya ya zama za wafalme wa Ming ya vita vya miungu, mbweha kaingia mwilini mwa mwanamke mzuri anaitwa Daji anamuharibia mfalme ufalme. Halafu Pu Songling, aliyezaliwa 1640, akaandika hadithi karibu 500 za vituko, humo mbweha wa kike wanawaingilia wanafunzi maskini usiku, wengine wabaya, wengine wake wema kupita binaadamu. Kwa hiyo ukimuona mbweha kwenye mchezo jua anazo hizo tabia zote nyuma yake na mtunzi anachagua. Na hata Mama wa Magharibi, yule Xiwangmu mwenye shamba la mapichi ya kutokufa, kwenye ile Shan Hai Jing ana mkia wa chui na meno ya simba milia. Leo anavalishwa taji.

Mapenzi ya binaadamu na asiye binaadamu kwa nini yakatazwe? Hili sisi hatuhitaji kusomeshwa, kila mtaa una mtu kasemwa ana jini mahaba. Kwao hekaya kubwa ni ya nyoka mweupe, Bai Suzhen, aliyejigeuza mwanamke akampenda kijana Xu Xian kando ya Ziwa la Magharibi mjini Hangzhou, wakaoana, mtawa mmoja akawatenganisha na kumfungia nyoka chini ya mnara wa Leifeng. Mnara wenyewe upo kweli, ulianguka 1924 ukajengwa upya ukafunguliwa 2002. Nilipomsimulia bibi hii kaacha kuchambua kabisa. Kauliza nyoka alizaa? Nikamwambia kazaa, mtoto wa kiume. Kasema "Basi huyo mtawa ana dhambi." Sina la kuongeza.

Vitu vidogo vya kuvijua ili usipotee, nakwenda mbio. Uzi mwekundu kidoleni au mguuni ni kazi ya Yue Lao, mzee wa chini ya mbalamwezi, anawafunga waliojaaliwa kuoana, hadithi yake ya zama za wafalme wa Tang. Bibi kizee mwenye bakuli la supu karibu na daraja ni Meng Po, ukinywa supu yake umesahau maisha yako yote ndo unazaliwa upya, steringi akikataa kuinywa jiandae. Mapichi yakichanua mapenzi yanakuja, Mchina mwenye bahati ya kupendwa anasemwa ana bahati ya mapichi. Ndege wakijenga daraja juu ya mto wa nyota ni hekaya ya wapenzi wawili wanaoonana mara moja kwa mwaka, tarehe 7 mwezi wa 7 kwa kalenda yao ya mwezi. Vidonge vya kuishi milele navyo si uzushi wa mtunzi, watu walivipika kweli, na wafalme kadhaa wa Tang walikufa kwa kuvimeza mana'ke humo mna zebaki.

Muda unachanganya pia. Siku moja mbinguni ni mwaka mzima duniani, kwa hiyo mtu anashuka anaishi anazeeka anazikwa, akirudi huko juu imepita miezi michache tu. Na wakisema shichen moja ni masaa mawili yetu, siku nzima ina 12.

Majina ya kuitana yasikize kwa masikio, usiyasome, kwani maandishi ya chini yanaandika jina tu na utamu wote umepotea. Shifu ni mwalimu, lakini si wa skuli, ni kama mwalimu wetu wa chuoni, ambae hata uwe na wajukuu ukimuona njiani unashuka kwenye baiskeli. Ndo maana mwanafunzi akimpenda shifu wake dunia inapinduka. Shixiong ni aliekutangulia chuoni, hata akiwa mdogo kwako kwa umri. Dianxia ni mtoto wa mfalme. Na gege ni kaka, ila msichana akimwita gege mtu asie nduguye kwa ile sauti ya kuvutavuta, kaa vizuri uangalie.

Mambo ya simu sasa. WeTV na iQIYI ndo zenye nyingi, na YouTube wenyewe wanaweka kwenye chaneli zao, Kiingereza kipo chini. Epi moja kama dakika 45, teremsha ubora mpaka 360 na upakue kwa bando la usiku ukilala, asubuhi umeme ukikatika huna habari. Usifanye nilivyofanya mie, nilijaziwa mchezo mzima kwenye flashi na kijana mmoja, nimefika epi ya 40 usiku wa manane roho juu, inayofuata ni ya 47. Ikabidi nisubiri mpaka aamke. Kagua namba kabla hujalipa.

Kama unaangalia na mtu mzima asiesoma Kiingereza, usimtafsirie kila neno, utachoka na yeye atachoka. Mtafsirie mambo matatu tu kila epi: nani kamdanganya nani, nani kakumbuka nini, na nani yuko kwenye mtihani. Yaliyobaki anayaona usoni mwao. Na epi za katikati, kuanzia 20 mpaka 30 hivi, kuna vita vya majeshi na mikutano ya wazee wenye ndevu, hapo mie nakwenda kuanika nguo, bibi ndo ananihadithia nikirudi.

Jana tumefika pale Bai Qian, bado ni mtu wa duniani, anapotolewa macho. Bibi kaniambia simamisha. Kajifuta kwa kanga, kakusanya makonyo yote kayatia poloni, kafagia chini, karudi kakaa. "Haya washa," kasema, "lakini niambie kwanza, huyo alietiwa macho yake, mtihani wake yeye unakuja epi ya ngapi?"