Somo: Kupanga safari ya Tromsø, kaskazini mwa Norwe, msimu wowote wa mwaka

Habari zenu wote. Nimeona wengi mnauliza kuhusu kwenda kuona theluji na aurora (mianga ya rangi inayocheza angani usiku), na karibu kila mtu anaanza na "baridi inafika nyuzi ngapi?" Mimi nawaomba muanze na mwanga. Tromsø iko digrii 69 kaskazini, kama kilomita 350 ndani ya ukanda wa Aktiki, lakini mkondo wa maji ya joto kutoka Atlantiki unapita pwani yake, kwa hiyo bandari haigandi na wastani wa Januari ni kama nyuzi 4 chini ya sifuri. Hiyo inavumilika kabisa ukivaa vizuri. Mwanga ndio unaobadilika kiasi cha kumshangaza mtu wa kwetu, aliyezoea jua la saa kumi na mbili hadi saa kumi na mbili mwaka mzima.

Hatua ya 1: Chagua msimu

Kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari jua halichomozi kabisa. Msidhani ni giza totoro: kama saa nne asubuhi hadi saa saba mchana kuna mwanga wa buluu na waridi juu ya milima, na theluji inauongeza. Huu ndio wakati nyangumi wa nundu na orka (nyangumi wauaji) hufuata samaki aina ya heringi, na boti za kuwatazama huelekea upande wa Skjervøy.

Kuanzia takriban Mei 20 hadi Julai 22 mambo yanageuka: jua halizami. Mtaona watu wanapanda mlima saa sita usiku na watoto wako nje wanacheza. Joto la Julai ni kama nyuzi 12. Aurora hutaiona hata moja, kwa sababu anga haliingii giza. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu kuna watu wanalipa nauli kubwa ya Juni wakitarajia kuiona.

Septemba ni nzuri kwa anayeogopa baridi: majani yamekuwa mekundu na ya njano, usiku umerudi, aurora ipo, barabara bado hazina barafu. Lakini ukiniuliza mimi, kwa mtu anayekuja mara moja tu, chagua mwishoni mwa Februari hadi Machi. Theluji imejaa, mchana una mwanga wa kutosha kutembea, na usiku una giza la kutosha. Karibu na Machi 20 mchana na usiku vinakaribia kulingana, kama nyumbani. Aprili nayo msiiite majira ya joto. Rekodi ya theluji ya Tromsø, sentimita 240, ilipimwa Aprili 29, 1997.

Hatua ya 2: Viza

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda au Kongo anahitaji viza ya Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Unaruhusiwa kuomba kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na usichelewe kupita siku 15 kabla. Mimi ningeomba mapema zaidi ya hapo, maana miadi hujaa. Ada ya mtu mzima ni euro 90. Bima ya safari lazima ifike angalau euro 30,000, na pasipoti iwe na miezi 3 ya ziada baada ya tarehe ya kuondoka Ulaya. Tarehe za hoteli, za ndege, za bima na za barua ya mwajiri zikubaliane.

Hatua ya 3: Ndege na idadi ya usiku

Njia rahisi ni kufika Oslo kupitia Addis Ababa, Doha au Istanbul, kisha ndege ya ndani ya karibu saa mbili. Ukaguzi wa pasipoti hufanyika pale unapoingia Schengen, kwa hiyo acheni nafasi nzuri kati ya ndege mbili. Kama shabaha ni aurora, lala angalau usiku nne. Mkanda wa aurora unapita moja kwa moja juu ya Tromsø, hivyo hata aurora ikiwa dhaifu kuna nafasi nzuri. Adui ni mawingu. Ndiyo maana waongozaji huwapakia watu kwenye gari na kwenda bara, upande wa Skibotn au hata kuvuka hadi Ufini, kutafuta anga safi. Bebeni pasipoti usiku huo.

Hatua ya 4: Nguo

Hapa tuende taratibu. Nguo ya kugusa mwili iwe ya sufu (manyoya ya kondoo), juu na chini. Pamba iacheni kabisa: inanyonya jasho, inabaki na unyevu, na ukisimama dakika kumi unaanza kutetemeka. Juu yake sweta nene, kisha jaketi lisilopitisha upepo wala maji. Viatu viwe vikubwa kidogo, vidole vicheze ndani. Kiatu kinachobana huleta baridi hata ukivaa soksi tatu. Glovu za kidole gumba peke yake na vidole vinne pamoja zinatunza joto kuliko za vidole mbalimbali. Nunueni pia meno ya chuma ya kuvalisha chini ya viatu, yanauzwa madukani mjini. Barafu ya barabarani inavunja mikono ya wageni. Na simu ikae mfuko wa ndani karibu na mwili, kwani baridi inamaliza chaji haraka sana.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Mombasa:* Shikamoo mwalimu. Jua lisipozama, sisi tutaswali vipi Maghrib na Isha?

Marahaba. Waislamu wa Tromsø katika miezi hiyo hufuata nyakati za Makka. Wewe ukiwa msafiri una pia ruhusa ya kupunguza na kukusanya swala, lakini muulize sheikh wako kabla ya kuondoka. Ukija Machi swali hili halipo, nyakati zote tano zinaonekana.

*Mwanachama, Arusha:* Kaka, watoto wa miaka mitatu wataweza?

Wanaweza, dada. Hatari ni mtoto aliyekaa kwenye kigari bila kusogea, huyo hupoa kabla yako. Mguse shingo mara kwa mara, na msipange safari ya aurora ya kukaa barabarani kwa muda wa saa saba. Mpandisheni kwa gari la kamba hadi kilele cha Storsteinen, mita 421, aone mji wote na kucheza theluji.

*Mwanachama, Nairobi:* Nataka niunganishe na Svalbard, vile visiwa vya Norwe vya kaskazini kabisa. Viza yangu inatosha?

Angalia kama ni ya kuingia zaidi ya mara moja. Svalbard yenyewe haidai viza, lakini iko nje ya Schengen. Ukienda umeshatoka, na kurudi Norwe bara ni kuingia upya. Mwenye viza ya kuingia mara moja atakwama. Na ukifika Longyearbyen, mji mkuu wa Svalbard, usitoke nje ya mji bila mwongozaji mwenye silaha, kuna dubu weupe.

*Mwanachama, Muscat:* Gharama ya chakula ikoje?

Mikahawa ni ghali kweli. Chukueni nyumba yenye jiko, nunueni vitu supamaketi, na maji ya bomba ni safi, msinunue ya chupa. Kadi inapokelewa kila mahali, noti hazihitajiki.

*Mwanachama, Goma:* Nina viza ya Ufaransa, ya kuingia mara nyingi. Naweza kuitumia?

Ndiyo, ikiwa bado ina muda na hujamaliza siku 90 unazoruhusiwa kukaa Schengen ndani ya kila siku 180. Ila kama unaomba viza mpya, omba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi.