Kuotesha Mimea Inayokula Wadudu kwa Mbegu, na Namna ya Kuzihifadhi

Anayeanza ninamshauri achague Drosera capensis, mmea wa Rasi ya Afrika Kusini ambao majani yake membamba yamejaa vinyweleo vyenye utomvu wa kunasa wadudu. Hujichavusha wenyewe, hutoa mbegu kwa wingi, na hauhitaji majira ya baridi kali kama jamaa zake wa Marekani.

Changanya kwa vipimo sawa pitimosi (mabaki ya mimea ya kinamasi yaliyooza nusu) isiyotiwa mbolea na mchanga wa mto uliooshwa mpaka maji yake yawe maangavu. Mchanga wa ufukweni usiuguse, kwa maana chumvi yake huua miche. Samadi na mbolea ya dukani nazo ziachwe kabisa: mimea hii imezoea udongo maskini, hata ikalazimika kutafuta naitrojeni kwa wadudu, na mizizi yake huungua kwa chakula ambacho mchicha ungekifurahia. Kwa sababu hiyohiyo mwagilia maji ya mvua au yaliyokenekwa. Kuchemsha maji ya kisima hakusaidii, kwani mvuke huondoka na chumvi hubaki.

Mbegu ni ndogo kama vumbi la makaa. Ziweke kwenye karatasi iliyokunjwa katikati, uigonge taratibu kwa kidole ili zidondoke juu ya udongo uliolowa, wala usizifukie, maana huhitaji mwanga ili ziote. Weka chungu ndani ya sahani yenye maji ya kina cha sentimita 1 au 2, kifunike kwa plastiki angavu, na ukiweke penye mwanga mwingi usio wa jua la moja kwa moja. Mara nyingi huota baada ya wiki 2 hadi 4, na hapo plastiki ifunuliwe kidogokidogo kwa siku kadhaa.

Katika kuhifadhi ndipo wengi hupoteza mbegu, nami nilipoteza mavuno ya msimu mzima kwa kuzifungia kwenye mfuko wa plastiki kabla hazijakauka. Nilipoufungua nilikuta ukungu mtupu. Subiri vikonyo vya maua vikauke na kuwa vya kahawia, vikung'ute juu ya karatasi nyeupe, ondoa makapi, kisha uziache mbegu kivulini kwa wiki moja au mbili. Zifunge katika bahasha ndogo ya karatasi, uitie ndani ya chupa yenye kifuniko kinachobana pamoja na kipakiti cha silika cha kunyonya unyevu, kama vile vinavyopatikana kwenye maboksi ya viatu, na uihifadhi kwenye friji, si kwenye sehemu ya kugandisha. Zikitunzwa hivyo hudumu miaka kadhaa.

Usichanganye baridi hii na ile ya kuamsha mbegu. Sarracenia, mmea wa Amerika Kaskazini wenye majani kama tarumbeta, hauoti vizuri mpaka mbegu zake zikae wiki 4 hadi 6 ndani ya friji zikiwa zimelowa. Baridi ya kuhifadhi ni kavu. Ya kuamsha ni yenye unyevu. Nepenthes wa nchi za joto, wanaoning'iniza vibuyu, mbegu zao hufa upesi, hivyo zipandwe mara tu zinapopatikana.

Andika jina la mmea na tarehe ya kuvuna kwenye bahasha yenyewe, kwa penseli, kwa sababu wino huchujuka bahasha ikipata unyevu.