Kobe wa Majini Akitaga Kwenye Tuta la Bwawa Lako

Kobe anayeonekana sana kwenye malambo na mabwawa ya shambani, Afrika kusini mwa Jangwa la Sahara, ni yule wa jamii ya Pelomedusa. Mtambue kwa shingo: akiogopa haingizi kichwa ndani moja kwa moja, hukilaza ubavuni chini ya ukingo wa gamba. Ukimshika hutoa majimaji yenye harufu kali, na ukimaliza nawa kwa sabuni maana makobe hubeba salmonela, bakteria wa kuharisha. Hula wadudu, konokono, viluwiluwi na mizoga. Vifaranga vya samaki pia hula, kwa hiyo bwawa la vifaranga lizungushie mabati laini yaliyofukiwa kidogo chini. Mabwawa mengine mwachie.

Hatari kubwa kwake iko nchi kavu, kwenye mayai. Jike hutafuta udongo usio na kivuli, na tuta la bwawa humfaa sana. Huulowesha kwa maji ya kibofu, kisha huchimba kwa miguu ya nyuma, mmoja baada ya mwingine, hadi lipatikane shimo lenye umbo la mtungi, kina cha sentimita 10 hadi 18. Hutaga mayai 10 hadi 30 yenye ganda laini, hufukia, hushindilia na kuondoka. Harudi tena. Mayai huanguliwa baada ya siku 75 hadi 90, na joto la udongo ndilo huamua kama atatoka dume au jike. Ndiyo maana kiota kisifunikwe kwa matandazo wala kupandiwa mimea ya kivuli.

Ukiona jike anataga, kaa mbali mpaka amalize, kisha weka kigingi cha alama. Nguchiro, kenge na mbwa hufukua kiota kwa kufuata harufu, hasa siku za mwanzo, basi funika siku hiyo hiyo. Tandaza wavu wa waya wa sentimita 60 kwa 60, uukaze kwa vigingi pembe zote nne. Matundu yawe ya sentimita 5. Wengi hutumia wavu wa kuku wenye matundu madogo, na hapo ndipo huharibu kazi nzuri: kitoto chenye gamba la sentimita 3 hunasa na kufa juani.

Jembe likifukua mayai kwa bahati mbaya, usiyageuze. Kiinitete, yaani kitoto kinachoanza kukua, hujishikiza upande wa juu wa ganda muda mfupi baada ya yai kutagwa; yai likipinduliwa baada ya hapo, huweza kufa. Weka alama ya penseli juu ya kila yai, linyanyue likiwa vilevile, ulizike kwa kina kilekile mahali penye jua pasipotuama maji.

Kiangazi bwawa likikauka, kobe hujizika topeni akisubiri mvua. Kabla ya kufukua tope kwa koleo, lichokoe taratibu kwa mti butu. Ukigusa kitu kigumu, ondoa tope kwa mikono.