Viungo vya pai ya boga, changanya mwenyewe

Kale kakopo ka viungo vya pai ya boga kanakouzwa Marekani hakana boga ndani, ni mdalasini, tangawizi, kungumanga na karafuu, mara nyingi na olspaisi, sasa kama hivi vitu unavyo kabatini ya nini kununua.

Vipimo vyangu: mdalasini vijiko vya chai 4, tangawizi 2, kungumanga 1, olspaisi 1, karafuu nusu. Vyote viwe vya unga. Koroga, basi. Boga lililopondwa gramu 425 (kopo moja la kawaida, yaani pai moja) linataka vijiko vya chai 2 hivi vya mchanganyiko, kwa iyo hapo una viungo vya pai nne.

Sasa karafuu. Hiyo nusu usiizidishe jamani, karafuu ikizidi inameza wenzake wote na ulimi unakufa ganzi kama umetoka kwa daktari wa meno, bora ipungue utaongeza baadae. Olspaisi nayo si mchanganyiko kama wengi wanavyodhani, ni tunda la mti mmoja, likikaushwa linafanana na punje nene ya pilipili manga, ukiikosa tia mdalasini kidogo zaidi na karafuu ya kubana kwa vidole tu, hamna atakaegundua.

Kungumanga nunua nzima ukune papo hapo, ile ya unga ikikaa harufu inapotea haraka sana. Tangawizi hapa nataka ya unga, mbichi ina maji na nyuzi, pai hii inatakiwa iwe laini.

Alafu kuna kitu mapishi mengi yanaruka. Usimwage viungo kwenye mayai na maziwa moja kwa moja, weka boga kwenye sufuria moto mdogo, tia viungo, sukari na chumvi kidogo, koroga dakika tano hivi mpaka lianze kung'aa na harufu ijae jikoni, maji yanapungua na ile ladha ya unga unga ya mdalasini inaisha. Onja hapo hapo kabla hujatia mayai, na iwe kali kidogo kuliko unavyotaka, manake maziwa yataipoza na pai ikiliwa ya baridi ladha inashuka tena.

Mchanganyiko unaobaki funga kwenye chupa, weka mbali na jiko, siku ukinusa usisikie kitu mwaga tu.