SOMO: Namna ya kuandaa tamthilia yako kwa shindano la chuo kikuu

Wakuu, wengi mmeniuliza kuhusu mashindano ya tamthilia mpya yanayoendeshwa na vyuo vikuu. Nimeshiriki mara tatu, mbili nikaenguliwa bila kusomwa. Baadaye nikakaa upande wa pili, nikisoma miswada ya mchujo. Niwape nilichokiona.

Hatua ya 1: Masharti kwanza. Nani anaruhusiwa? Wengine wanataka wanafunzi tu, wengine wanapokea yeyote. Kisha angalia urefu na maana ya neno "mpya". Kwa kawaida ni tamthilia isiyowahi kuchapishwa wala kuonyeshwa kwa kiingilio. Usomaji wa mazoezi huwa hauna shida, ila wapo wanaoukataa hata huo.

Hatua ya 2: Hesabu dakika. Ukurasa wa A4 wenye herufi za ukubwa wa 12 hukadiriwa kuwa dakika moja jukwaani. Ni makadirio tu. Majibizano ya neno moja moja hukimbia, ilhali mistari mitano ya vitendo na ukimya yaweza kula dakika tatu.

Hatua ya 3: Andika kinachoonekana na kusikika. Miswada mingi inafia hapa. Tazama maelekezo haya ya jukwaa:

*(MAMA anaingia. Anakumbuka jinsi mumewe alivyomdanganya miaka yote ile na moyo unamuuma.)*

Mwigizaji afanye nini hapo? Hadhira haisomi karatasi yako. Sasa hii:

*(MAMA anaingia. Anaivua pete, anaitumbukiza kwenye glasi ya maji ya mumewe, anaisogeza glasi mahali pake. Anakaa kumsubiri.)*

Sijaandika neno moja la uchungu, lakini hakuna atakayeangalia pengine mpaka yule bwana ashike glasi.

Ugonjwa mwingine ni kuandika filamu ukadhani ni tamthilia: jikoni, ndani ya gari, hospitali, tena jikoni, yote ndani ya kurasa nne. Wafikirie watu wanaohamisha kitanda gizani huku hadhira inakohoa.

Hatua ya 4: Isomwe kwa sauti, na si na wewe. Tafuta watu wa kugawana wahusika. Wewe shika kalamu nyekundu na ufunge mdomo. Yangu ya tatu ilikuwa na sentensi moja niliyoipenda kuliko zote. Msomaji aliikwaa mara tatu, ya nne akacheka. Niliikata usiku uleule. Ukijikuta unataka kudakia "hapo nilimaanisha...", weka alama, hapo pana tundu.

Hatua ya 5: Ficha jina. Mashindano mengi husomwa bila kujua mwandishi ni nani. Mimi nililifuta kwenye jalada, likabaki chini ya kila ukurasa. Kagua pia jina la faili lenyewe.

Hatua ya 6: Orodha ya wahusika, mahali na wakati, namba za kurasa, muhtasari. Muhtasari useme mwisho wa hadithi. Kuwaficha waamuzi hakukusaidii kitu.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, nina wahusika 14. Nipunguze?
Kama masharti hayakuweka kikomo, chuoni hiyo si nyingi sana, maana wanafunzi wa kuigiza wapo. Tatizo ni umri. Ukiwa na wazee watano wa miaka 70, watachezwa na vijana waliopakwa unga kichwani. Onyesha pia wahusika gani wawili wanaweza kuchezwa na mwigizaji mmoja, ila hakikisha wawili hao hawakutani jukwaani. Nimeliona hilo, tena kwenye mswada mzuri.

Nimegeuza riwaya ninayoipenda kuwa tamthilia. Inafaa?
Mashindano mengine hayapokei kabisa kazi za namna hiyo. Hata yanayopokea yatadai kibali cha mwenye hakimiliki ya riwaya. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, unalinda kazi ya fasihi maisha yote ya mwandishi na angalau miaka 50 baada ya kifo chake, na nchi nyingi zimefika 70.

Nikishinda, tamthilia inakuwa mali ya chuo?
Inategemea unachotia saini, dada. Kuwapa ruhusa ya kuwa wa kwanza kuionyesha ni jambo la kawaida. Kuwahamishia hakimiliki ni jambo jingine kabisa, na neno hilo huwa limejificha aya ya mwishomwisho. Ukiliona, uliza kabla ya kutuma.

Nina miisho miwili, yote naipenda. Nitume yote?
Hapana. Chagua mmoja.

Wameandika mwisho ni saa sita usiku. Nikituma saa tano na nusu?
Saa sita ya wapi? Kama chuo kiko nchi nyingine, huenda kwao saa sita ilishapita wewe ukiwa bado unakula chakula cha jioni. Tuma siku mbili kabla, kisha lifungue faili ulilotuma uone kama kurasa zote zimo.